Njaa, mshahara na wizi wa mjini: maswali ambayo watu wa Dar hawaachi kuuliza

Haya maswali yanajirudia sana, kijiweni, kwenye kikao cha mtaa, hata msibani, hasa siku mbili tatu baada ya nyumba ya mtu kuvunjwa. Nimeyapanga kutoka mepesi kwenda magumu na nimeongelea Dar zaidi kwa sababu ndo ninapopajua, nusu ya maisha yangu nimeishi Mbagala. Swali likiwa limeshajibiwa juu nitakurudisha huko, sirudii.

## Tuanzie hapa

1. Kwani umaskini ndo unaleta wizi?

Ndio na hapana, na hapa ndo wengi wanapotea njia. Umaskini peke yake ungekuwa unazaa vibaka basi tungekuwa tunaogopa kushuka Sumbawanga, kule Rukwa, usiku kuliko Kariakoo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta Rukwa watu kama 45 katika kila 100 wako chini ya mstari wa umaskini, Dar walikuwa 8 tu. Ila begi tunalikumbatia kama mtoto mchanga tukiwa hapa, sio kule.

Halafu uangalie na huo mstari wenyewe. Ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani ukitumia elfu 50 kwa mwezi we kwenye vitabu sio maskini, hongera. Kijijini ukiishiwa kuna mihogo shambani na kwa shangazi hukosi ugali. Mjini kila kitu ni hela, maji hela, choo cha stendi hela, kuchaji simu hela, na hatua 100 kutoka pale ulipolala na njaa kuna mtu kapaki gari ambalo hata tairi lake moja hujui utalinunua lini. Kwa hiyo mimi nikiulizwa nasema hivi, mjini usihesabu tu nani ni maskini, hesabu hela anayoingiza inamfikisha tarehe ngapi, na ana uhakika gani kesho itaingia tena.

2. Mbona mimi nimekulia kwenye shida na sijawahi kuiba hata sindano?

Hili ndo swali namba moja kwa kuulizwa, na linaulizwa kwa hasira. Ni kweli kabisa, na walio wengi wako kama wewe. Mama ntilie anaamka saa 9 usiku, mbeba zege anashinda juani, hao wote wana njaa na hawaibi. Ila shida haimsukumi kila mtu, inawasukuma wachache, na hao wachache wanatosha kabisa kuharibu mtaa. Ukiwa na vijana 1,000 wasiokuwa na kazi wakaharibika 10 tu, tayari mna genge, na wale 990 waliovumilia hakuna anayewapa hata maji ya kunywa, wanakamatwa kwenye msako ule ule.

Na we mwenyewe jiulize kilichokushika ni nini. Mara nyingi unakuta kulikuwa na bibi, au mjomba aliyekuingiza gereji, au ulikuwa na kitu cha kupoteza. Wapo wasio na hata kimoja hapo.

3. Uhalifu gani hasa tunaouongelea?

Wa mali. Kukwapua simu, kupigwa roba (kukabwa shingo), kuvunja nyumba, kung'oa mita za maji na mifuniko ya chemba kwenda kuuza chuma chakavu, dili za ndani makazini. Sisemi njaa ndo inamfanya mtu ambake jirani au ampige mkewe, huo ni uhalifu wenye mizizi mingine na matajiri wanaufanya vizuri tu.

Na usimsahau mnunuzi. Mita ya maji hailiwi, imeibiwa kwa sababu kuna mtu ana mzani na haulizi maswali.

## Hesabu ya mshahara

4. Kima cha chini ni shilingi ngapi?

Inategemea sekta. Serikalini kilipanda kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025. Sekta binafsi ni amri ya mishahara inayotolewa na serikali, na amri mpya iliyoanza Januari 2026 imepandisha wastani kutoka 275,060 kwenda 358,322. Ila huo ni wastani, ndani yake kuna mabenki na migodi inayouvuta juu. Shuka chini uone. Kwenye amri iliyotangulia, iliyoanza Januari 2023, mlinzi wa kampuni ya kawaida alikuwa 148,000 na dada wa kazi anayelala kwa bosi 60,000. Elfu 60 kwa mwezi.

Na kabla ya hapo amri ilikuwa ya Julai 2013, ikakaa bila kuguswa mpaka mwisho wa 2022, miaka 9 na nusu, mlinzi yule yule 100,000. Jaribu kukumbuka mchele 2013 ulikuwa bei gani.

5. Sawa, mshahara ni mdogo, lakini unamgeuzaje mtu kuwa mwizi?

Njoo tupige hesabu, mi naamini hesabu kuliko hotuba. Mchukue mlinzi anaishi Chamazi analinda geti Masaki, analipwa ile 148,000. Nauli za daladala zilipanda Desemba 2023, safari ya mpaka kilomita 10 ni 600, ya kilomita 16 mpaka 20 ni 800. Anapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, tuseme moja ya 800 na moja ya 600, ni 2,800 kwa siku, kwa siku 26 ni 72,800. Nusu ya mshahara imebaki kwenye daladala. Chumba kimoja cha kawaida kabisa, bila tailizi wala nini, tuweke 40,000, tena mwenye nyumba anataka miezi 6 mkononi. Imebaki 35,200. Gawa kwa siku 30 unapata 1,173 kwa siku, hapo hajala, mtoto hajanunuliwa daftari, mama yake kijijini hajaumwa. Hata ukimuongezea theluthi nzima ya mshahara, akafika kama 197,000, inabaki 2,800 hivi kwa siku kwa kila kitu na familia yote.

Sasa huyo mtu anakesha masaa 12 (sheria inasema saa 9 kwa siku na zaidi ya hapo ni ovataimu ya mara moja na nusu, muulize kama amewahi kuiona), analinda nyumba ambayo mbwa wake anakula nyama kuliko yeye. Siku moja anakuja kijana mpole, hata hamwambii aibe, anamwambia tu "kaka, Ijumaa we nenda kanunue sigara, ukae kama robo saa hivi." Laki 3. Miezi 2 ya mshahara kwa robo saa. Wengi wanakataa, mi naona huo ni muujiza ambao hatuushukuru.

Sio Dar peke yake. Marekani wachumi watatu, Gould, Weinberg na Mustard, waliangalia miaka ya 1979 mpaka 1997 wakaona mishahara ya wanaume wasiosoma sana ikishuka uhalifu unapanda, na mshahara ulikuwa na uzito kuliko hata kukosa kazi. Hapo ndo utaelewa kwa nini "si wana kazi hao" sio jibu.

6. Kwa hiyo unamtetea mlinzi aliyefungua geti?

Hapana. Ameiba, ashtakiwe. Naeleza tu kwa nini wa kabla yake alifungua na wa baada yake naye atafungua. Bosi anayebadilisha kampuni ya ulinzi kila mwaka akitafuta ya bei rahisi zaidi ananunua usingizi wa mkopo.

7. Na wale ambao hawana mshahara kabisa, bodaboda, deiwaka, saidia fundi?

Hao ndo wengi, na amri ya mishahara wanaisikia redioni kama matokeo ya mpira wa Ulaya. Bodaboda wengi chombo sio chao, kuna hesabu ya tajiri kila siku, labda 8,000 labda 10,000, mvua inyeshe au trafiki akushike hesabu iko pale pale, na ukiwa kwenye mkataba ukikosa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa ukiwa umebakiza miezi 2 iwe yako. Deiwaka anashika gari la mwenzake mizunguko miwili mitatu, kesho hajui. Saidia fundi anasimama kijiweni asubuhi, saa 4 ikifika hajachukuliwa anajua leo hakuna.

Hapa kinachouma ni kutokuwa na uhakika, kuliko hata udogo wa hela. Mtu wa 10,000 kila siku anaweza kupanga maisha, anacheza kijumbe (mchezo wa kupeana hela kwa zamu), anakopa dukani kwa mangi na mangi anamuamini. Mtu wa 30,000 leo halafu sifuri siku 4 hawezi kupanga chochote, na dili ikija siku ya nne inamkuta hana la kusema. Wapo wakwapuaji wa simu kwa pikipiki ambao ni bodaboda halali kabisa mchana, hesabu ikigoma usiku wanageuka. Wachache, narudia, ila ndo wanaowafanya abiria waogope wote.

8. Si wanamaliza hela kwenye kubeti na mikopo?

Baadhi ndio. Ila angalia kilichoanza. Mtu wa 1,173 kwa siku (swali la 5) mtoto akiugua hana pa kushika isipokuwa mkopo wa kausha damu, anachukua 100,000 anarudisha kila siku, riba inakula kuliko ugonjwa, mwisho wanakuja kubeba godoro na jiko. Na mkeka wa kubeti wa 500 ndo tumaini pekee analoweza kulinunua kwa 500. Sisemi ni busara, mi mwenyewe nimeshachana mikeka ya kutosha. Lakini kumwambia mtu aweke akiba kwenye 1,173 ni kumtania.

## Panya Road na ndugu zao

9. Panya Road ni kina nani hasa?

Ni vijana wadogo, wengine hata 18 hawajafika, wanatembea kundi na mapanga. Usiku wa tarehe 2 Januari 2015 Dar nzima ilijifungia ndani kwa uvumi kwamba wanakuja, baada ya mwenzao kuuawa na wananchi, polisi wakakamata mamia. Wakapotea, 2022 wakarudi, nyumba zikavamiwa, watu wakakatwa na kufa, na Septemba mwaka huo polisi wakatangaza wameua watuhumiwa 6. Kabla yao walikuwepo Mbwa Mwitu, na kabla ya hao Komando Yoso. Jina linabadilika kila baada ya miaka kadhaa, mitaa ni ile ile.

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Dar iliongezeka watu 1,019,187, kutoka 4,364,541 mpaka 5,383,728. Hao milioni hawakwenda Oysterbay, walikwenda kwenye mitaa ambayo hata daladala inafika kwa shida na ajira hakuna.

10. Kama ni njaa, mbona wanawaibia maskini wenzao? Si waende Masaki?

Masaki kuna ukuta, umeme juu ya ukuta, mbwa, na yule mlinzi wetu wa 148,000. Kwetu kuna mlango wa mbao na komeo la 3,000. Anaiba anapofika kwa miguu na anapopajua vichochoro vya kukimbilia. Ndo maana umaskini unatupiga mara mbili, unawatengeneza wezi kwetu halafu unawaachia watuibie sisi sisi. Mama aliyeibiwa cherehani hana bima, kesho yake hana kazi, na watoto wake wanaingia kwenye hesabu ya swali la 2.

11. Wazazi wako wapi?

Kazini. Baba yuko lindo masaa 12 na masaa 4 ya foleni, mama anauza vitumbua alfajiri na usiku anafua za watu. Mtoto analelewa na kijiwe. Wapo wazazi wazembe, nawajua kwa majina, lakini usiseme malezi na mshahara kama vile ni vitu viwili tofauti.

## Dawa zinazopendekezwa

12. Kwa nini wasirudishwe kijijini wakalime?

Tulishajaribu, tena kwa nguvu. 1976 kulikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi, 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, watu wa Dar wakawa wanasombwa barabarani wasiokuwa na kitambulisho cha kazi, wanapakiwa na kupelekwa mashambani. Wazee waulizeni. Wengi walirudi, wengine walirudi haraka kuliko lori lililowapeleka. Mtu amekuja mjini kwa sababu kijijini bei ya pamba au korosho haimtoshi, umempeleka pale pale alipokimbia, bila mtaji, bila shamba, ulitegemea nini?

Na bado kuna vifungu vya uzururaji kwenye Kanuni ya Adhabu, namba 176 na 177, kijana anaweza kubebwa kwa kukaa tu bila kazi inayoonekana. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo hapo Arusha, Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za aina hii haziendani na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinaadhibu hali ya mtu badala ya kitendo. Dogo akishalala rumande siku 3 kwa kosa la kukaa kijiweni, anatoka na marafiki wapya. Hao marafiki sio mafundi cherehani.

13. Adhabu ni ndogo, waongeze si wataacha?

Unyang'anyi wa kutumia silaha hapa kwetu, hata silaha ikiwa panga au nondo, kifungo chake hakipungui miaka 30. Hiyo sio ndogo. Na ukiacha mahakama kuna wananchi wenye hasira kali, tairi na petroli, adhabu ya kifo bila jalada. Mtoto anayejua hayo yote na bado anatoka na panga usiku hajakosa kuogopa, ila hapigi hesabu ya miaka 30, hata mwezi ujao hauoni.

Ulinzi shirikishi unasaidia, mi naunga mkono, mtaa wetu ulitulia miezi kadhaa. Ila wale vijana wa doria wanalipwa kwa michango ya 1,000 kwa nyumba, na nyumba zikigoma kuchanga doria inakufa, na mmoja wa waliokuwa doria alikuja kukamatwa na simu 4 za watu. Rudi swali la 5.

14. Mikopo ya vijana ya halmashauri si ipo?

Ipo, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu urejeshaji na vikundi hewa vilikuwa tatizo, ikarudi 2024. Kwa aliye na biashara tayari inasaidia. Kwa kijana aliyeko kwenye genge haimfikii, lazima awe kwenye kikundi kilichosajiliwa, na nani atamuweka kwenye kikundi chake?

Kilichonishangaza mimi ni Liberia. Pale Monrovia walichukua wanaume 999 wa mtaani, wezi, wauza unga, wapiganaji wa zamani, wakawagawa. Wengine wakapewa dola 200 tu, wengine mafunzo ya wiki 8 ya kujizuia na kubadilisha mwenendo, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Waliopewa hela peke yake walibadilika muda mfupi, hela ikaisha. Waliopata vyote walipunguza wizi na ugomvi, na miaka 10 baadaye bado walikuwa wameyapunguza hayo kama nusu ukilinganisha na wasiopewa kitu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hela tu, au anasema maadili tu, mwambie kulishajaribiwa.

15. Mishahara ikipanda si matajiri watapunguza watu?

Wapo watakaopunguza, hasa wenye viduka vidogo ambao nao wanasaga meno, hilo silikatai. Ila geti haliwezi kukaa bila mlinzi na mtoto hawezi kukaa bila dada. Kwenye kazi hizi mshahara uko chini kwa sababu nyuma ya kila mlinzi kuna 50 wanasubiri.

## Yanayochanganya kichwa

16. Mafisadi wameshiba, mbona wanaiba?

Kweli, na wanaiba nyingi kuliko vibaka wote wa Temeke kwa pamoja. Njaa inaeleza wizi wa aina moja, sio wizi wote. Ila vimeungana, dogo anaona nani anapelekwa gereza la Keko akiwa peku na nani anahamishiwa ofisi nyingine.

17. Ulisema Rukwa ni maskini na hakuna vibaka, mbona "ile hela tuma kwenye namba hii" zinatajwa kutoka huko?

Umenishika vizuri. Takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za utapeli wa simu zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro juu. Na kwangu hilo linathibitisha swali la 1 badala ya kulivunja. Njaa ilikuwepo siku zote, kilichokosekana kilikuwa cha kuiba. Simu imeileta Kariakoo nzima mpaka mlangoni kwa kijana wa kijijini, hahitaji hata nauli.

18. Bosi ananilipa chini ya kima, nifanyeje zaidi ya kuvumilia?

Peleka CMA, tume ya usuluhishi. Madai ya mshahara ni ndani ya siku 60, ukifukuzwa kazi ni siku 30, usisubiri "bosi amesema ataangalia". Tunza ujumbe wa simu, miamala, picha ya ratiba ya lindo, chochote. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mfanyakazi, kuandika ni wajibu wa mwajiri.

19. Nimemkamata aliyeniibia, ni mtoto wa jirani na najua kwao hawajala. Nimpeleke polisi?

Hili niliulizwa na dada mmoja wa mtaani kwetu, na mwaka uliofuata likanikuta mwenyewe. Mtungi wa gesi. Nilimkuta nao kwa muuza gesi, bado anabishana bei. Sikumpeleka polisi, nilimpeleka kwa mjumbe na mama yake akaitwa, akaja na kanga ya kazi, ametoka kufua, akalipa elfu 5 kwanza akaniahidi nyingine mwisho wa mwezi. Rafiki yangu ambaye aliibiwa na huyo huyo dogo miezi 4 baadaye mpaka leo hanisalimii vizuri, na mimi simlaumu.

Elfu 5 ya pili ililetwa, tarehe 3.